Kibali cha Kubishana na Mpenzi

Wananchi wanatangaziwa kwamba taifa limeokolewa. Kuanzia Jumatatu, wachumba na wanandoa wanaobishana kwa utani sharti wawe na kibali chenye mihuri miwili. Mimi, Mkaguzi Mkuu wa Ubishi wa Mahaba, ndiye niliyekabidhiwa jukumu hili zito.

Wa kwanza kunaswa walikuwa fundi cherehani na mchumba wake, fundi redio. Niliwakuta dukani kwa yule dada wa cherehani, pini zimemjaa mdomoni.

"Shati hili ni buluu," alisema mwanamume.

"Kijani. Hayo macho ulipewa wapi?"

"Palepale ulipompata mchumba."

"Basi nilipigwa mchana kweupe!"

Wakacheka mpaka pini zikamwagika. Nikapuliza filimbi.

"Kibali kiko wapi?"

"Mzee, tunataniana tu," dada alisema.

"Ndiyo hatari yenyewe."

Nikawakabidhi Mwongozo: mmoja akitoa hoja, mwenzake atafakari kwa sekunde saba, kisha akubali.

Walitii. Niliporudi wiki ya tatu, nilikuta utulivu wa kupendeza, kama chumba cha maiti.

"Umependeza," alisema mwanamume.

Dada alihesabu kwa vidole. "Nakubali."

"Labda tuahirishe harusi."

Alihesabu tena. Alifika saba, akaendelea hadi kumi na nne, machozi yakimlengalenga.

"Nakubali."

Niliandika kwenye ripoti: utekelezaji asilimia mia.

Mkurugenzi wangu, aliyeisaini sheria hii, alifurahi kupita kiasi. Akaitisha hafla ukumbini awatunuku mafundi wale wawili cheti cha Wachumba wa Mfano, akaja na mkewe aliyejitanda kitenge kipya.

"Mimi na mama watoto," alihutubia, "hatujabishana kwa miaka kumi na tisa."

"Ishirini," alisema mkewe.

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Kumi na tisa, mama."

"Ishirini, baba. Mara ya mwisho ulikuwa na nywele."

"Nywele ninazo!"

"Masikioni."

Mkurugenzi alifungua mdomo akemee. Badala yake kikamtoka kicheko kikubwa, cha mtu aliyekisahau miaka mingi, miwani ikaanguka. Sheria ni msumeno. Nilipanda jukwaani, nikampa fomu.

"We! Unajua mimi ni nani?"

"Mtuhumiwa namba moja, mheshimiwa. Adhabu ni siku saba za kutenganishwa. Umeisaini mwenyewe."

Alimtazama mkewe kama mtu aliyepokonywa sahani baada ya tonge la kwanza.

"Siku saba? Na ndiyo kwanza tumeanza! Bwana Mkaguzi, nakuomba..."

"Tafakari sekunde saba, mheshimiwa. Kisha ukubali."

Nyuma yangu fundi redio alimnong'oneza mchumba wake: "Mimi naona ni kumi na tisa."

"Ishirini, kiziwi wee!" alijibu dada papo hapo, bila kuhesabu.

Ukumbi mzima ukagawanyika, wake kwa waume, kila mtu akimpigia kelele mwenzi wake. Mkurugenzi akaifuta sheria palepale jukwaani, kwa kalamu ya mkewe.

Kwa sasa niko nyumbani nikisubiri kupangiwa kazi nyingine. Mke wangu anasema nitasubiri sana. Nimekubali.