Mfuko Wangu wa Nyongo Usifukuzwe Kazi

Kwako Daktari wa Upasuaji, ambaye pia ni shemeji yangu,

Kuhusu: Kupinga kuondolewa kwa mfuko wangu wa nyongo

Pokea salamu na heshima zako zote. Mimi ni mume wa dada yako, fundi mwashi, yule aliyekujengea ukuta wa uani. Ukuta umesimama hadi leo, ingawa najua mlango wake hufunguka kwa kusukumwa na bega. Juzi nilipokuja na maumivu ya tumbo ulinionyesha picha yake, ukasema mfuko wa nyongo umejaa mawe na lazima utolewe. Nimelitafakari jambo hili nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi, na haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Sikushirikishwa. Maishani nimepokea mawe kwa malori, na kila lori lilinikuta getini nikisubiri kulikagua. Haya yameingia bila mtu hata kunipigia simu.

2. Ulinieleza kwamba ini ndilo linalotengeneza nyongo, na mfuko huitunza tu mpaka chakula chenye mafuta kifike, ndipo ujikamue na kuimwaga kwenye utumbo. Kwamba nyongo yangu ilijaa lehemu, yaani kolesteroli, kupita kiasi, ikashindwa kuiyeyusha, lehemu ikaganda chembe chembe, chembe zikashikana, zikawa mawe. Shemeji, aliyekosea kipimo si ini? Kwangu mimi mchanganyaji akizidisha saruji, simfukuzi mbeba karai.

3. Ukaongeza kwamba mfuko haukujimwaga kwa wakati, nyongo ikalala humo. Hili limeniuma, maana vibarua wangu nimewafokea miaka yote wasiache saruji mbichi ilale kwenye karai. Lakini mfuko ungejimwagaje wakati mwenye mwili hali chakula? Habari ya suti unaijua. Fundi cherehani alitaka kuipanua suti yangu ya ndoa, niivae mwezi ujao kwenye harusi ya binti yetu. Nikamjibu mbele za watu kwamba atapunguzwa mtu, haipanuliwi suti! Nikaanza kushindia maji matupu. Kilo zikaporomoka, nami nikawa natembea kwa madaha. Kumbe mtu akikonda mbio mbio namna hiyo, ini humwaga lehemu nyingi zaidi kwenye nyongo, na mfuko usioletewa chakula hukaa umebweteka. Yaani umekaa bila kazi kwa amri yangu, halafu unafukuzwa kwa uvivu.

4. Niliomba uufungue, uuoshe, uurudishe. Ulicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Ukasema, "Shemeji, karai hilo litagandisha tena." Sawa, lakini hata kibarua huandikiwa kwanza barua ya onyo.

5. Kama kanuni ni kwamba aliyeleta mawe aondolewe, haki itendeke kwa wote: anza na ini, uje kwenye mdomo ulioropoka kwa fundi cherehani, umalizie na mwenye suti. Dada yako atabaki mjane, na mfuko wa nyongo utakuwa umesafishwa jina.

Sasa niseme ukweli: naogopa. Juu ya jukwaa huwa kuna kitu cha kushika; usingizi wenu wa dawa hauna pa kushika. Nataka siku ya harusi nimshike binti yangu mkono, nimtoe mwenyewe. Kwa hiyo tuyaache yalivyo. Maumivu yenyewe yamekwisha, na huenda ilikuwa gesi tu.

Nisalimie mumeo, watoto, muuguzi wa kuchungulia, na yule mpiga picha aliyenipaka mafuta ya baridi tumboni bila kunionya.

Wako mtiifu, ila kwa hili moja,
Shemeji Fundi

N.B. Nilipomaliza kuandika nilikula nyama ya kukaanga, vipande vinono kabisa, nimwonyeshe dada yako kwamba nimepona. Sasa niko kwenye benchi nje ya chumba chako, nimejikunja, na maumivu yanapanda mpaka bega la kulia. Karatasi ya kukubali upasuaji nimeshaitia sahihi. Anayo dada yako. Toa mfuko, toa na mawe yake, toa leo. Suti imekwenda kwa fundi cherehani. Dada yako alimwambia aipanue vidole viwili. Nimemwambia aweke vinne.