Babu Yangu wa Saruji Pale Bombani

Alhamisi, 1 Agosti

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya chai. Nimefungua daftari jipya, maana yanayonipata siku hizi siwezi kumwambia mtu.

Yoramu, mwenyekiti wetu wa mtaa, alipita asubuhi. Nikampa kiti, akakataa. Mtu akikataa kiti kwangu, ujue ana neno. Akasema watu wamelalamika juu ya sanamu ya babu yangu pale bombani. Wanataka iondolewe. Mkutano wa mtaa utaamua Jumapili ya tarehe kumi na moja. Nikamuuliza watu gani. Akatazama kuku.

Generosa! Nani mwingine? Miaka miwili sasa, kila akija kuchota maji anamtundikia babu yangu kanga yake mbichi ikauke.

Babu yangu, Jumbe Ndahani, alikuwa jumbe wa hapa Zuzu enzi za Mwingereza. Koti lenye vifungo vya shaba! Baiskeli ya kwanza! Sanamu nimeitengenezesha mimi mwenyewe, mwaka ule Tumsifu wangu alipomaliza masta. Fundi ni Cornel, Mhehe, bingwa wa mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Mtu alikuwa hajawahi kumtengeneza. Miguu imeungana, na pua ilidondoka Krismasi. Lakini kofia imetoka vizuri mno.

Haiondoki. Silaha ninayo. Kitabu cha Tumsifu cha masta! Kurasa mia moja na ishirini, Kiingereza kitupu, na jina la Ndahani limo mara arobaini na moja. Nimehesabu kwa kidole. Chuo kizima kimtaje mtu mara arobaini na moja, halafu Generosa amfanye kamba ya kuanikia?

Ijumaa, 2 Agosti

Nimekwenda mjini kutoa kopi za sura ya tatu, ile yenye Ndahani wengi. Dada wa stesheneri akauliza kama ni mtihani. Nikamwambia hapana, ni damu yangu.

Kopi moja kwa Yoramu. Moja kwa mchungaji. Moja kwa Generosa mwenyewe! Nilimkuta anapepeta uwele, nikamwekea juu ya ungo. Nikasema Kiingereza kikimshinda, mume anaye, Mzee Ernest alikuwa karani wa reli, amsomee. Akanishukuru. Generosa kunishukuru mimi! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama bila kuitwa. Nikasema mwenye shaka na Jumbe Ndahani asome kitabu cha binti yangu, kila kitu kimo humo. Nikarudia: kila kitu! Nikakaa, nikajipepea.

Mzee Ernest aligeuka akanitazama kwa muda mrefu. Macho ya huruma. Nikadhani ni wivu.

Jumanne, 6 Agosti

Natamani ardhi ya Zuzu ipasuke nizame.

Yoramu alikuja tena na kopi yake. Safari hii alikaa. Akaniuliza kwa upole kama kitabu nimekisoma. Nikasema mama hana haja ya kusoma alichoandika mwanawe, ni kama kuonja maziwa yako mwenyewe. Akakohoa. Akasema mwalimu amemtafsiria. Halafu akanieleza.

Wakati wa vita vya Hitla, Mwingereza alidai watu wa kwenda kukata mkonge. Orodha aliandika babu yangu. Akijaza nafasi kwa watu aliogombana nao. Mmoja aliitwa Batholomeo. Alikataa kumpa jumbe mbuzi. Kesho yake akapandishwa treni, mke wake ana mimba. Hakurudi. Mtoto wa ile mimba ndiye Mzee Ernest.

Mzee Ernest! Ndiye niliyesema amsomee mkewe.

Nikampigia Tumsifu. Nikamwambia amenivua nguo hadharani. Akasema, Mama, Pasaka nilikaa na wewe jikoni nikakueleza, wewe ukawa unawaonyesha majirani picha zangu za joho. Kweli, picha zilikuwa nzuri. Nikamuuliza uongo huo kaupata kwa nani. Akasema, "Kwako, Mama."

Kumbe! Mwaka ule alipokuja na kirekodi chake kukusanya habari za kitabu, mimi nikimenya karanga, nilimsimulia mwenyewe, tena nikicheka. Babu akikutazama mara mbili, kesho uko mkonge! Nilidhani namsifu. Na chini ya kurasa, kwa herufi ndogo kama chawa, kumeandikwa E. Ndahani, E. Ndahani. Edina. Ni mimi! Katika wale Ndahani arobaini na moja, kumi na tisa ni mimi mwenyewe nikimshtaki babu yangu.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango: kukusanya kopi zote kabla ya mkutano.

Kwa mchungaji nimechelewa, ameipeleka kwenye kikundi cha wanaume. Kwa Generosa nilisema naomba makaratasi yale nifungie karanga. Akaingia ndani, akatoka nayo. Ameishona kwa uzi na kuivalisha jalada la kalenda! Akasema, "Mama Tumsifu, usitunyime. Mzee ananisomea kila jioni, ameniambia leo tunafika kwako." Kisha akanikaribisha uji. Nimeunywa wote kwa aibu, mpaka mashapo.

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango mpya, huu una akili. Sanamu si lazima iwe babu!

Nimemwita Cornel. Nikamwambia avunje kofia, aongeze ndevu ndefu na fimbo. Awe Musa. Nani Zuzu hii atanyoosha mkono kumwondoa Musa? Cornel akauliza kama Musa naye alikuwa Mgogo, maana kwa kutembea na mifugo jangwani miaka yote ile bila kufika, dalili zote anazo. Mhehe ni mtani wetu, sikuweza kukasirika. Nikamwomba pia Jumapili aseme neno la kunitetea, yeye ndiye fundi na si mtu wa hapa. Akasema atasema, tena kwa moyo wote.

Saruji ya ndevu ilikuwa na maji mengi.

Ijumaa, 9 Agosti

Ndevu zimeteleza zikakaukia tumboni. Babu hana kofia, hana pua, na ana kitu kama aproni. Fimbo imekatika.

Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, wote wameona. Generosa alipiga goti mbele ya sanamu akasema, "Shikamoo, Musa. Wale uliowaongoza mkonge umewaacha wapi?" Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nami nilicheka, ili nisilie. Nimeacha zamu yangu, nimepika kwa maji ya jana.

Jumapili, 11 Agosti

Mkutano.

Cornel alisimama wa kwanza. Nikatabasamu, nikawaangalia watu kuona wanavyomsikiliza. Akasema yeye ni Mhehe na amefika kuwatetea watani zake. Akasema kabila lote hili limemwaga jasho, limelima mtama kwenye mawe, na siku ya kumchagua mmoja wa kumsimamishia sanamu, wamemchagua aliyewaandika kwenye orodha ya mkonge! Akasema Wagogo wakiambiwa wamchore mchungaji, watamchora fisi amevaa kofia. Kelele! Vigelegele! Nami lazima nikae kimya, mtani hakamatwi kwa neno lake. Nimemwalika mwenyewe, nikampikia na kuku.

Ndipo Mzee Ernest akasimama. Hakutukana. Nilitamani atukane. Akasema sanamu haichukii, ni saruji tu. Ila kwa miaka miwili anachota maji ameipa mgongo, na ana miaka themanini na moja, shingo inamuuma. Akasema jambo moja tu linamsumbua. Jumbe ana sanamu, ana koti, ana kitabu. Baba yake hana hata mahali palipoandikwa jina.

Nilikuwa nimekariri hotuba yangu. Ilianza na vile vifungo vya shaba. Nikasimama, na hotuba ikapotea. Nikasema, "Shikamoo, Mzee Ernest." Basi. Nikanyoosha mkono juu, iondolewe. Wengine wakafuata.

Iandikwe kwamba mimi ndiye niliyetangulia. Generosa alikuwa wa nne.

Jumatatu, 12 Agosti

Wameivuta kwa ng'ombe wanne mpaka nyuma ya zizi langu. Mbuzi wanajikunia.

Nimekwenda kwa Mzee Ernest, mikono mitupu, bila kitabu. Nikamwambia jambo ambalo sikumwambia hata Tumsifu, kwa sababu lilimharibia babu sifa. Baba yangu aliniambia kwamba siku ile, pale stesheni, Batholomeo hakulia. Alivua shuka lake, akalirusha dirishani kwa mkewe, akapiga kelele kwamba mtoto akizaliwa abebwe nalo mgongoni. Treni ikaondoka yeye akiwa kifua wazi.

Mzee akasema utotoni alibebwa kwa shuka jekundu mpaka likachanika, na hakuwahi kuambiwa limetoka wapi. Generosa alinisogezea kigoda chake. Sikuweza kumtazama usoni. Hilo nalo nilikuwa nalo miaka yote, nimelikalia, huku nikigharimia saruji.

Yoramu amesema pale bombani wataandika majina ya waliopelekwa. La Batholomeo litakuwa la kwanza. Nimeapa mbele ya Mungu: kujisifu basi. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kimya.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumsifu ametuma bahasha kwa basi! Ameandika makala mpya, itatoka kwenye jarida la chuo. Ni habari za sanamu yetu. Kiingereza cha juu kabisa, kina maneno marefu kama mabehewa ya treni mpya.

Jina langu limo! Si E. safari hii. Edina, lote, mara kumi na moja. Nimehesabu mara mbili kwa kidole. Mama yupi mwingine Zuzu hii ameandikwa chuoni mara kumi na moja?

Kwenye simu Tumsifu aliniambia, Mama, tafadhali, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, mtafute Mzee Ernest akusomee kwanza. Nikamwambia sawa mwanangu.

Kesho asubuhi nawahi stesheneri. Kopi ishirini, na Jumapili nitasimama kwenye matangazo. Ya Generosa nitaivalisha jalada mimi mwenyewe.