Ombi la Kuachiwa Uvundo wa Ziwa Letu

Ndugu Mkurugenzi wa Mradi wa Kusafisha Ziwa,

Natumaini u mzima na mwenye furaha, ingawa kwa furaha huwezi kunifikia mimi. Nimeolewa juzijuzi tu, na mume wangu, dereva wa boti yako ya mradi, ndiye mwanamume mzuri kuliko wote wanaovaa buti za mpira.

Naandika kulalamika. Ziwa linazidi kuwa safi.

1. Uvundo ule ndio uliokuwa mshenga wetu. Ziwa lilipojaa mbolea ya mashamba na maji ya vyoo, likawa kijani kama mlango wa zahanati, hakuna aliyekaa ufukweni ila sisi wawili: mkono mmoja puani, mwingine mkononi mwa mwenzake. Raha iliyoje!

2. Tulipooana, nyumba yetu ya ufukweni haikupata mgeni. Mama mkwe, ninayempenda sana akiwa kwake, alifika mlangoni mara moja, akasema, "Wanangu, nitawaombea nikiwa nyumbani," akageuza. Fungate gani tamu kama hiyo?

3. Ndipo mkaleta punje zenu. Mume wangu amenieleza (hueleza hata usingizini, kwa sauti nzuri) kwamba zimetengenezwa kwa mabaki ya tanuri za kiwanda cha chuma, nazo hufyonza mbolea iliyozidi majini, mwani unaolifanya ziwa kijani ukafa njaa. Sina ugomvi na sayansi. Lakini taka za kiwanda zilikuwa zimetulia kwenye lundo lake, na uvundo umetulia ziwani. Nani aliwatuma mwende kuvigombanisha?

4. Sasa maji yanaonyesha mpaka mawe ya chini, na ndugu wamejaa mpaka sebuleni. Mama mkwe amehamia na godoro lake. Shemeji anaogelea asubuhi, kisha anaanika kaptula kwenye pazia langu jipya. Wifi anajibana katikati yetu kwenye kochi: "Sogea, bibi harusi, hewa ya ziwa ni ya wote!" Siku hizi mimi na mume wangu tunapendana kwa kukonyezana.

5. Kwa hiyo naomba ile kona iliyobaki kijani, chini ya dirisha letu, isiguswe. Iachwe inuke kiasi cha kuifaa familia changa. Ikishindikana, kiwanda kitengeneze punje za kufyonza ndugu.

Tafadhali usimkaripie mume wangu. Yeye humwaga punje kwa moyo wote, ndiyo maana tumefika hapa.

Wasalimie wapima maji, walinzi wa ghala, na mkeo. Mkumbatie, kama mna nafasi.

Wako katika mapenzi na malalamiko,
Bibi Harusi wa Nyumba ya Ufukweni

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua. Nesi amesema kichefuchefu changu kina sababu njema, na tutakuwa watatu! Ila ile kona ya kijani sasa siwezi kuivumilia hata kwa pua iliyobanwa. Leteni punje leo, magunia yote mliyonayo. Mama mkwe, aliyenishikia beseni, anasema niongeze neno "haraka".