Feza Amekwenda Kumtembelea Farao

Habari ilifika kwenye kibanda cha chai cha Maman Mukabalisa, hapa Gihundwe, Rusizi, saa nne asubuhi, na aliyeileta ni Sebahire. Tunamwita Journal Parlé, yaani taarifa ya habari ya redio, kwa sababu huvuka mpaka kwenda Bukavu kila siku na hurudi na habari nyingi kuliko bidhaa. Siku hiyo hakusalimia mtu. Alisogeza kopo la sukari akaweka simu yake katikati ya meza.

"Angalieni vizuri. Huyu hapana Feza, mutoto wa Mètre?"

Tukainama wote. Alikuwa Feza kweli, yule anayesoma historia chuo kikuu. Amevaa kofia pana kama ungo wa kupepetea, na nyuma yake kuna ngamia aliyechoka na maisha. Chini ya picha kaandika: Misri, siku ya kwanza. Peke yangu, hatimaye!

"Peke yake?" akauliza Protais, ambaye kwa Biblia anayoijua na waumini asiokuwa nao tunamwita Pasteri Bila Kanisa. "Kule kuna kilio?"

"Hakuna kilio."

"Ndoa?"

"Hakuna ndoa."

"Basi ni biashara."

"Hapana. Ni vakansi, matembezi tu. Ameenda kuangalia makaburi."

Protais akaweka kikombe chini. "Makaburi ya banani?"

"Ya bafalme ba zamani. Bafarao."

"Farao! Yule mwenye alitesa Musa? Yewe! Taifa muzima ilitoka kule mbio na unga mubichi ku mabega, bahari ikapasuka juu ya kubapatia njia, na Feza anarudi kule na tiketi!"

"Na kiti alichagua mwenyewe," akaongeza Sebahire, ambaye hawezi kuacha habari bila chumvi. "Kuingia kwa kaburi unalipa."

"Ulipe kuingia kwa kilio ya muntu mwenye si ndugu yako?" Maman Mukabalisa alisimama na birika mkononi. "Mie ata kwa kilio ya ndugu naendaka na mufuko ya mihogo, na pale wananipatia chakula."

Kabla hatujafika mbali, akaingia mzee Ntabaza mwenyewe, baba yake Feza. Ni fundi cherehani, na tunamwita Mètre kwa kuwa utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akiwa kanisani. Simu ilikuwa imeganda sikioni mwake. Tukaficha ile ya Sebahire, lakini tulichelewa.

"Kumbe mushajua," akasema. "Tangu saa tatu simu yake haiiti. Aliniandikia tu: Papa, naenda ku piramidi, nazima simu."

"Mtembea bure si mkaa bure, Mzee," nikamwambia, ili nimpoze.

"Wacha methali yako. Mie nilikulia kule Congo. Safari zangu zote zilikuwa za kukimbia ao za kuzika. Muntu anatoka kwake juu kuna muntu anamungoja. Kule Misri, nani anamungoja mutoto wangu? Akiugua, nani atamupatia maji?"

Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nilimhurumia kabisa, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Maman Mukabalisa akaweka birika chini. "Hakuna nchi yenye hatuna mutu. Shida ni kwamba huyo mutu hajaambiwa."

Akachukua simu. Alianza na shemeji yake wa Kampala. Shemeji akampa mama mmoja wa Nairobi, na huyo mama akakumbuka kwamba aliwahi kuimba na kijana anayeitwa Hugues, ambaye sasa anaongoza korali, yaani kwaya, ya watu wa Kivu na Rwanda huko Kairo. Bibi yake Hugues alitokea Giheke, jirani na huku kwetu. Shangazi yake Mètre pia aliwahi kulima Giheke. Basi! Kufika simu ya nne, Hugues alikuwa mjomba wake Feza. Kufika simu ya tano, alikuwa amembeba mgongoni akiwa mchanga.

"Anasema korali yote inaenda sasa hivi," Maman akatangaza. "Mumutumie picha yenye kofia."

Saa saba kasoro simu ya Mètre ikalia: namba ya Feza. Akaiweka kwenye spika. Kwanza tulisikia wimbo wa kuabudu, sauti nne kamili, halafu Feza akipiga kelele juu ya wimbo.

"Papa, hawa ni banani?"

"Ni bajomba bako!"

"Papa, niko na bajomba kumi na tisa! Bameandika jina yangu ku karatasi kubwa. Bamekuja na sufuria ya mboga ya sombe. Polisi anauliza ni nani amekufa! Na bamenikamata mukono ku mulango ya piramidi, eti mutoto wa Rusizi haingii fasi yoyote peke yake."

"Ndiyo, njo vile!" tukajibu benchi zima, kwa furaha.

Feza akasogea mbali na ule wimbo. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na ilibidi tusogee.

"Papa, miaka mbili nilifundisha batoto ba batu hesabu kila jioni, juu nifike ku hii mulango. Kwetu tunalala batano chumba kimoja. Ku chuo tunalala munane. Nataka mara moja tu nisimame fasi yenye hakuna mutu ananiuliza kama nimekula. Sikatai batu, Papa. Niache tu niingie."

Mètre aliuzungusha utepe kwenye vidole, akaufungua, akauzungusha tena. Sebahire alikuwa anamtikisia kichwa: usikubali. Protais naye alishaanza kuomba.

"Nipatie Hugues," akasema Mètre. "Bwana Hugues? Aksanti sana, Mungu abariki korali yako. Sasa mumuachilie aingie. Peke yake. Nyiye mumungoje inje."

Meza ililipuka. Protais alisema desturi imekufa. Sebahire alisema Bukavu itajua kabla ya jioni, na tulimwamini. Mètre aliagiza chai na hakuinywa.

Nusu saa baadaye simu ikalia tena.

"Umetoka?" Mètre karibu aimeze ile simu. "Uliona nini?"

"Kachumba ka majiwe, Papa. Unapanda, unapanda, unainama, unafika. Mule muna sanduku moja ya jiwe, iko wazi. Nilisimama pale kimya mpaka nikasikia moyo yangu."

"Na mwenyewe?"

"Hayuko. Sanduku ni mutupu. Hakuna mwenye anajua kwenye alienda."

Protais akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe! Ametoka Gihundwe mpaka Misri kumutembelea muntu, na hakumukuta nyumbani!"

"Njo ubaya wa kwenda bila kutangaza," akasema Maman Mukabalisa. "Si angepiga kwanza?"

Mètre alikunja uso. Jambo hilo lilimuuma kweli, nadhani kuliko yote ya siku ile. "Feza, mutoto wangu, usiniambie uliondoka hivi hivi. Uliacha nani amuambie kama ulipita?"

Tulisikia Feza akivuta pumzi.

"Niliacha bajomba, Papa. Nilibaambia mwenye nyumba ametoka, na si adabu tuondoke sisi bote bila kumungoja. Balikubali palepale. Bamekaa ku mulango na sufuria yao, banamungoja Farao. Mie niko ndani ya basi, kiti ya dirisha. Nazima simu sasa. Nakupenda, Papa."

Ikakatika. Tulimwangalia Mètre tukitafuta la kumfariji. Lakini mzee alikuwa amenyooka kwenye benchi, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Munaona?" akasema, akitafuta kofia yake ili arudi kwenye cherehani. "Nilimulea vizuri. Hawezi kuacha nyumba ya batu bila mutu."