Ngumi ya Jenerali Majivu

Jumatatu, 3 Machi

Shule basi. Sasa mimi ni mwanagenzi katika duka la ushonaji la shangazi. Kazi: kupiga pasi mapindo, kuokota pini, kuwaambia wateja "karibu". Hiyo ya mwisho imenishinda. Sauti haitoki.

Lakini Jumamosi mtaa utanijua. Duka la vitu vya kuchezea litapanga dirishani sanamu za katuni za Kijapani, na chini ya kila sanamu jina la mwenyewe. Sharti: sanamu iwe kamili. Wangu ni Jenerali Majivu, adui mkuu, katili asiye na mfano. Anakunja magoti, anageuza shingo, ana viganja vinne vya kubadilisha, viwili vimekunja ngumi, vyote vimevaa glavu nyeusi. Niliacha soda mwaka mzima ili nimpate.

Binamu yangu, ambaye hushika kila kitu, anamwita mwanasesere. Nimevificha viganja ndani ya kopo la vifungo la shangazi. Nani atatafuta viganja kwenye vifungo?

Jumanne, 4 Machi

Ngumi ya kulia haipo! Nimemtuhumu binamu. Ameapa hajaigusa, kisha akauliza kwa upole kama Jenerali hawezi kupigana kwa mkono mmoja. Dharau. Nimekula keki yake kama dhamana.

Jumatano, 5 Machi

Binamu hana hatia. Keki imeshaliwa, sikuona haja ya kumwambia.

Mwalimu mkuu wa shule yangu ya zamani alipita kumshukuru shangazi kwa kumtengenezea koti. Kifungo cha shingoni: ngumi ya Jenerali Majivu. Shangazi alitaka kifungo cheusi, akatia mkono koponi, miwani ikiwa kichwani kama kawaida, akazungusha uzi. Mwalimu mkuu alisema hajawahi kuwa na kifungo chenye haiba hivyo. Shangazi akasema kimetoka nje.

Ningesema tu, "Mwalimu, hicho ni changu." Nilikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nikabaki hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango usiohitaji kuongea. Nimebandika tangazo mlangoni: UKAGUZI WA VIFUNGO, BURE, LEO TU. Mwalimu mkuu akija, ninakata uzi, ninashona kifungo cha kawaida, kwisha.

Kufikia saa nne foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu. Nimekagua vifungo vya mtaa mzima. Vya fundi wa kupaka rangi vilikuwa rangi tupu iliyokauka. Shangazi aliuliza ni nani amefungua hospitali ya vifungo dukani kwake.

Mwalimu mkuu akaja mwisho, na walimu wenzake watatu. Hawakutaka ukaguzi. Walitaka vifungo kama chake. Shangazi akachungulia kopo, akasema, "Bahati yenu, wanangu, vipo vingine."

Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka, ya kwanza kwa wateja wiki hii.

Nikasema, "Karibuni."

Jumamosi, 8 Machi

Nilimpeleka Jenerali hivyo hivyo, mikono imeishia kwenye vifundo. Mwenye duka akasikitika: masharti ni masharti. Nilikuwa namrudisha kwenye boksi pale mwalimu mkuu alipoingia na wenzake kuangalia maonyesho. Akamtazama Jenerali. Akagusa shingo yake mwenyewe. Akauliza, "Hiki ni cha huyu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akamuuliza mwenye duka kama sharti linasema viungo vyote viwe mwilini, au viwe dukani tu. Mwenye duka akasoma. Dukani tu. Walimu wakasimama safu moja kando ya dirisha, kola juu, mwenye duka akawakagua mmoja mmoja. Kamili! Jina langu likabandikwa.

Shangazi aliposikia alisema mficha uchi hazai. Ningesema Jumatano, ningewapunguzia watu usumbufu. Kisha akakata nyuzi zote na kunirudishia viganja. Mwalimu mkuu alihuzunika kweli.

Jumapili, 9 Machi

Wiki njema. Nimejifunza mengi: kopo la vifungo si mahali salama.

Binamu bado anamtazama Jenerali kwa jicho la kushika. Kwa hiyo nimevihamisha viganja kwenye gunia la pamba ambayo shangazi hujazia mabega ya makoti. Kesho anaanza koti la hakimu, atakuwa na kazi nyingi, hatakuwa na muda wa kupekuapekua.

Nani atatafuta viganja kwenye pamba?