Gari-Nyumba la Kumpeleka Mama Mkwe Gisenyi

Jumatatu, 9 Julai 1990

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mimi nilikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura; mke wangu Mukabalisa husoma Kinyarwanda na Kifaransa tu. Humu naweza kusema ukweli.

Ukweli ni huu: gari-nyumba langu linayumba.

Ni gari zuri! Lina kitanda kipana nyuma, jiko la gesi, kabati la vyombo, pazia la maua. Wazungu wawili walizunguka nalo nchi tisa, wakachokea hapa Kigali, wakapanda ndege, nami nikalichukua. Mtaa wetu wote wa Kagarama hakuna mwingine mwenye nyumba inayotembea. Lakini kila kona linalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Lori likitupita, tunasukumwa hadi kwenye mtaro.

Na Jumamosi shemeji yangu Annah anaolewa Gisenyi, mwendo wa saa tatu na zaidi. Mama mkwe, tunayeishi naye, ana nyonga mbovu, hawezi kukaa kitini hata nusu saa. Sharti asafiri amelala. Basi nikasimama mbele ya ukoo mzima na kutangaza kwamba nitampeleka mimi, kitandani, kama malkia. Makofi! Isipokuwa Rutayisire, aliyemwoa dada mwingine wa mke wangu. Yeye alichekea ndani ya chupa yake ya bia. Ana Pijo 504, basi anadhani Pijo ni cheo.

Nikishindwa, Mama hataiona harusi ya kitinda mimba wake. Sitashindwa.

Jumanne, 10 Julai

Kimisagara, kwa fundi Ismaël. Rutayisire naye alikuwepo, eti anabadilisha oili. Ana oili gani kila siku?

Ismaël akaingia chini ya gari, akatoka, akasukuma bodi kwa kiganja mara moja tu. Gari likaendelea kutikisika peke yake. Tukasimama wote tukilitazama. Likaendelea.

“Mzee, gari yako iko na kichwa mzito,” akasema. “Vitu yote iko juu. Shusha chini. Upepo ya tairi haiko sawa. Na hii shokamzoba imekufa zamani.”

Akanieleza kwamba shokamzoba ndizo zinazozituliza springi zisirukeruke. Alinieleza polepole, kama mtoto. Akasema nimwachie gari, mpaka Ijumaa liko tayari.

Ningekubali. Naapa ningekubali! Lakini Rutayisire akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema yeye aliyaona hayo tangu mwanzo.

Tangu mwanzo!

Nikamshukuru Ismaël, nikamwambia nina mpango wangu. Sikuwa nao. Nimeupata njiani: gari linalalia kulia, basi uzito uwekwe kushoto. Hesabu ya darasa la pili. Nimepakia mifuko sita ya mchanga upande wa kushoto wa kitanda.

Jioni nimelijaribu. Kona za kushoto, safi kabisa. Kona ya kwanza ya kulia nilimwona muuza mkaa wa Kicukiro kupitia dirisha la pembeni, na alikuwa chini yangu. Akaacha magunia yake akakimbia.

Jumatano, 11 Julai

Nimeutoa mchanga. Mgongo haunyooki.

Leo matairi. Nimefikiri sana: kinachoyumba ni laini, basi kiwe kigumu. Nikaenda kituo cha mafuta Remera na kumwambia mhudumu ajaze upepo mpaka pampu ikatae. Akaniambia kipimo kimeandikwa mlangoni mwa gari. Nikamjibu kwamba waliokiandika wanaishi nchi isiyo na vilima. Akajaza, akasogea mbali, akavitazama viatu vyake.

Mukabalisa alikuwa nyuma, amelala kitandani ili apime safari ya mama yake. Gari haliyumbi tena. Linaruka! Karibu na uwanja wa Amahoro tulipita juu ya kokoto, kabati likafunguka, na sahani zikatoka moja moja. Kisha sufuria. Kisha Mukabalisa. Akaomba ashuke. Hakupiga kelele, hilo ndilo lililoniogofya.

Alirudi Kagarama kwa miguu. Alifika kabla yangu, maana mimi nilibaki nikiokota vijiko barabarani.

Akasema mama yake si gunia la mihogo. Akasema nirudi kwa Ismaël. Nikasema ndivyo nilivyokusudia. Nilisema hivyo ili tule chakula kwa amani.

Alhamisi, 12 Julai

Wazungu waliacha kitabu cha gari, Kijerumani kitupu, lakini kina picha. Ukurasa mmoja una chuma kirefu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Nimeelewa mara moja: magurudumu mawili yakifungwa pamoja hayawezi tena kupishana. Kama ndoa.

Chuma kirefu kizuri utakipata wapi? Nimekipata ndani ya gari lenyewe. Fremu ya kitanda!

Nikampelekea mchomeleaji wa mwisho kabisa wa Kimisagara, ili Ismaël asione. Ismaël akaona. Akaja akijifuta mikono, akainama, akatazama, akauliza swali moja: Mama atalala wapi?

Sikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu, na chuma kilikuwa kimeshachomelewa.

Niliporudi nikamkuta Rutayisire uani kwetu. Amelaza kiti cha Pijo, ametandika mito na blanketi, anataka Mama ajaribu. Alisema kwa adabu, bila kejeli yoyote. Adabu yake inaudhi kuliko dharau yake. Mama akasaidiwa kuingia. Miguu haikutosha, magoti yakabaki yamepindwa. Akakaa hivyo kitambo kidogo. Akasema ni pazuri, atavumilia. Machozi yalikuwa yakimtoka wakati anasema.

Nikaenda nyuma ya nyumba kuhesabu migomba.

Ijumaa, 13 Julai

Chuma kimekatika kwenye tuta la kwanza. Kitu kama kengele kiliniaga nyuma yangu. Nimekiacha huko huko.

Sasa nimepata jibu la kweli. Gari linayumba kwa sababu halijakandamizwa barabarani. Ukitaka karatasi isipeperuke unafanyaje? Unaweka kitu juu yake! Basi: pipa la maji juu ya paa. Pamoja nalo kreti za bia za harusi, magunia mawili ya maharage, na mzigo wa zawadi. Na nyuma, kwenye ncha ya paa, nimefunga bati lililoinama kama bawa. Upepo ukilipiga, unasukuma gari chini. Nimewahi kuona picha ya magari ya mashindano. Hayayumbi.

Nilishinda mjini asubuhi yote nikitafuta bati, gari nimeliacha nyumbani. Niliporudi nikamkuta Ismaël sebuleni anakunywa chai na Mukabalisa. Amepanda mlima wote kuja kusalimia tu! Mikono imejaa grisi, hata kunawa hakunawa. Watu wamepoteza adabu.

Bati limekaa imara. Boliti nane. Hata mimi siwezi kulitoa.

Jumamosi, 14 Julai

Nimechoka, lakini lazima niandike.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama amelala nyuma, godoro juu ya mbao. Mukabalisa kamshika mkono. Rutayisire anatufuata na Pijo lililojaa mashangazi.

Hadi Nyabugogo, salama. Kisha mlima wa Kanyinya, na kona zake. Kwenye kona ya tatu maji ya pipa yakahamia upande mmoja. Niliyasikia yakihama. Gari likafuata. Magurudumu ya kulia yakaiacha barabara, nikaona bonde lote la Nyabarongo mpaka chini. Mukabalisa akaita majina ya watakatifu. Kisha gari likarudi chini, puu!

Sauti ya Mama ikatoka nyuma, ya upole kabisa. “Évode, mkwe wangu. Simamisha.”

Akashuka kwa fimbo. Ilimchukua muda. Akainua uso, akalitazama paa.

“Lile nini?”

“Maji, Mama.”

“Tunakwenda Gisenyi, penye ziwa, nawe umebeba maji?”

Nikajifanya nakagua kamba.

Akaketi juu ya jiwe kwa upande wa nyonga nzuri, akaamuru kwa fimbo. Pipa limwagwe. Kreti, maharage na zawadi vishuke, vipangwe sakafuni katikati ya magurudumu, vizito chini kabisa, vifungwe kwa kamba. Godoro lake juu ya vyote. Nikamwuliza amejifunza wapi. Akasema miaka arobaini amebeba vitu kichwani na mgongoni, anajua mzigo unavyotaka kukaa.

Nilimsubiri Rutayisire acheke. Hakucheka. Alivua koti la harusi akabeba kreti. Halafu akatoa kipimo chake akapunguza upepo wa matairi, gurudumu moja moja, akisoma namba za mlangoni. Tulipokuwa tumeinama pamoja akaninong'oneza kwamba hakulala tangu Alhamisi kwa kufikiria magoti ya Mama. Nami sikulala. Sikumwambia.

Hapo Mukabalisa akatangaza kwamba shokamzoba ni mpya. Ismaël alizifunga jana nilipokuwa natafuta bati. Mke wangu mwenyewe! Na chai!

Tukaendelea. Na gari likatulia. Kona baada ya kona, limetulia. Lori la viazi likatupita karibu na Ruhengeri, hatukusogea hata kidogo. Nyuma nikasikia sauti nikadhani ni gia. Ilikuwa Mama anakoroma.

Tulifika Gisenyi kengele zinalia. Mama aliingia kanisani kwa miguu yake, mkono mmoja kwangu, mwingine kwa Rutayisire. Annah alikuwa tayari mbele. Alipogeuka akamwona alisahau kuwa ni bibi harusi. Akarudi mbio katikati ya kanisa, shela linaburuta, akamkumbatia. Padri akangoja. Nilikuwa na vumbi machoni.

Karamuni wamemshukuru Mukabalisa. Wamemshukuru Ismaël, ambaye hata hakuwepo. Wamemshukuru Rutayisire kwa kreti.

Hakuna hata mtu mmoja aliyelitaja bati.

Jumapili, 15 Julai

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, mbele ya ziwa. Vitu vingi vilibadilishwa jana, sikatai. Lakini gari lilikimbia vizuri tangu Kanyinya hadi hapa likiwa na nini juu yake? Bati langu! Boliti nane! Wengine waligusa mambo madogo madogo tu. Nilimweleza Rutayisire hivyo wakati wa chai. Akaniangalia, akaniongezea sukari.

Baada ya misa nimekutana na mtu anaitwa Silvère. Ana boti ya kuzungushia abiria ziwani. Anataka kuachana nayo kwa sababu watu wakiegemea upande mmoja inainama, na wanawake wanapiga mayowe. Nimeizunguka mara mbili. Tatizo nililiona papo hapo: abiria wamekaa chini mno, hawaoni mbali, ndiyo maana wanahangaika. Nimemshauri tuijengee ghorofa.

Silvère amevua kofia, kwa heshima. Kesho asubuhi nakwenda kuchukua vipimo. Mukabalisa nimemwambia nakwenda kumuaga padri.