Foleni Ndefu ya Taa za Kinamasi

Jumatatu, 9 Septemba

Joto. Mvua ya alasiri imekuja kama kawaida, imeondoka, imetuachia mvuke. Magoti yanauma.

Habari mbaya kwenye chumba cha kulia. Bosi Brenna, ambaye ni mdogo kuliko binti yangu, ametuambia bustani yetu ya michezo inatafuta nafasi kwa ajili ya Paka wa Anga. Filamu tano tayari, ya sita njiani, na sasa wanajengewa mchezo wao hapa kwetu. Kwa hiyo mchezo mmoja wa zamani utabomolewa. Ama wetu wa mashua, Taa za Kinamasi, ama Jumba la Vioo la jirani. Wakubwa wa makao makuu watakuwa hapa wiki nzima kuona upi unapendwa. Jumatatu ijayo wanaamua.

Royce wa Jumba la Vioo akanitazama juu ya kuku wake wa kukaanga. Akasema, "Pole mapema, babu wa taa." Nimemzidi miaka mitano tu. Yeye kanizidi tumbo.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Gati letu liko ndani, gizani, pana ubaridi. Likibomolewa nitapewa ufagio na jua la Florida. Hilo la kwanza. La pili ni yule bibi. Nilipotoka kwetu Utuado, kimbunga kikiwa kimeondoka na paa langu, sikujua Kiingereza. Nimejifunza kwake. Ni bibi wa mashine, amekaa kwenye kona ya mto, anawasha taa ili waliopotea kinamasini waone njia. Kila mashua ikipita anasema yaleyale: "Pita taratibu, mwanangu. Njia ipo." Mpaka leo dukani wananiambia naongea kama mtu wa zamani.

Hakutoka kwenye filamu yoyote. Watu wa bustani hii walimbuni wenyewe, kwa ajili ya maji haya.

Jumanne, 10 Septemba

Mpango umepatikana. Umenijia nikisukuma mashua.

Kule mwanzo wa foleni, mfanyakazi humpa mgeni mmoja kadi nyekundu yenye utepe. Mgeni anatembea nayo foleni nzima, akifika kwenye mashua ananikabidhi mimi, naigusisha kwenye mashine. Mashine inajua amesubiri kwa muda gani. Dakika hizo zinatokea kwenye bodi kubwa nje na kwenye simu za wageni wote.

Sasa. Kadi nikiitia mfukoni kwanza, ikakaa humo, mashine itadhani mgeni amesubiri sana. Bodi itapanda. Wakubwa watapita, wataona dakika tisini, watasema kumbe watu wanazitaka Taa za Kinamasi kiasi hiki. Nani abomoe kitu kinachosubiriwa dakika tisini?

Nashangaa hakuna aliyewahi kufikiria.

Asubuhi bodi ilisoma kumi. Jioni arobaini. Nimekula wali wa mbaazi kwa amani.

Alhamisi, 12 Septemba

Bodi tisini. Bosi Brenna amepita mlangoni, akasema leo tumeelemewa, mzee Berto. Nikasema ndiyo, bosi, tumeelemewa. Hakuingia ndani.

Jambo la ajabu: ndani kumetulia. Mashua nyingi zinaondoka tupu. Nadhani ni mvua.

Kwa Royce, foleni imefika hadi kibanda cha maji ya limau. Amekuja wakati wa mapumziko, jasho linamtiririka, kaniuliza wageni wangu nimewakosea nini maana wote wanakimbilia kwake. "Mmoja kaniambia kwenu mtu anasubiri kama hospitali." Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kupendwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Royce hana kichwa cha mambo makubwa.

Nimetafakari. Tisini hazitoshi. Kesho mia na ishirini.

Ijumaa, 13 Septemba

Bi Maxine amekuja, kama kila Ijumaa. Alikuwa dereva wa basi la shule Ohio, akastaafu, akahamia huku kwa sababu ya mchezo huu, na sasa ndiye kiongozi wa mashabiki wake. Wana fulana zenye picha ya bibi. Tangu mumewe Gene afariki, anaomba benchi la watu wawili akae peke yake. Sheria hairuhusu. Mimi nampa.

Leo hakupanda. Kaiona bodi, akaja mlango wa nyuma kuzungumza. Hana usingizi. "Paka hao ninao sebuleni, Berto. Nabonyeza kidude cha televisheni, hao. Lakini huyu bibi yuko hapa tu. Wakimtoa, mimi niende wapi nimwone?" Kesho analeta mashabiki wote, wengine wanatoka majimbo ya mbali, wapande siku nzima mbele ya wakubwa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mtu wa ndani anayeshughulikia. Nikamkonyeza. Akauliza kama jichoni kumeingia kitu.

Jumamosi, 14 Septemba

Vigumu kuandika.

Nimewangoja mashabiki tangu kufungua. Mashua zinapita, tupu. Nikasema labda wamechelewa barabarani. Kumbe wako nje. Wamesimama mbele ya bodi, fulana zote, jua la mchana, wamesoma mia na ishirini. Wengi ni wazee. Wana mikongojo, wana dawa za kumeza kwa saa. Wamebishana. Wachache wamelia, wamepiga picha chini ya bodi, wakasema angalau anapendwa. Kisha wakatawanyika. Nusu wameingia kwa Royce, kwenye kiyoyozi.

Bi Maxine alikuja peke yake. Alikuwa tayari kusubiri saa mbili. Ametembea kati ya kamba, hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma, mpaka gatini kwangu.

"Berto, foleni iko wapi?"

Utepe mwekundu ulikuwa unaning'inia mfukoni. Akautazama, akanitazama. Akakaa kwenye ukingo wa gati, akaanza kunieleza polepole, kama anayemwambia mtoto akae ili basi lisije likamwangusha. Bodi ni ya wageni. Wakubwa hawaitazami. Wao wanatazama kile chuma cha kuzunguka pale mlangoni, kila kikizunguka kinahesabu kichwa kimoja. Mashabiki wote wanalijua hilo.

"Wiki nzima umekuwa ukifukuza vichwa," akasema.

Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Nikampandisha. Aliporudi uso ulikuwa umelowa. Nikampa kitambaa changu, nikasema leo mvuke wa kinamasi ni mkali. Akasema ndiyo, mkali.

Nimelala kitandani naangalia dari. Vichwa. Kumbe ni vichwa tu. Vichwa naviweza.

Jumapili, 15 Septemba

Nilifika kabla ya wageni. Chuma cha mlangoni kina mikono mitatu, ukikisukuma kwa nyonga kinazunguka. Nikasukuma. Wakati wa chakula nikasukuma tena, nyonga ya kulia, ikivimba nageukia ya kushoto. Nimeingiza umati mkubwa ajabu, na wote ni mimi.

Saa nane taa zote zikawaka. Si za bibi. Zile nyeupe za mafundi, za darini.

Ofisini waliona watu wengi wameingia na kwenye mashua hakuna aliyetoka. Wakaogopa wamezama. Mashua zikasimamishwa. Zimamoto wameingia kinamasini na mabuti, maji magotini, wanamulika chini ya miti. Bosi Brenna, midomo imemkauka, anaita kuna mtu? Kuna mtu? Na bibi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumzima, akawa anamjibu kila mara: "Pita taratibu, mwanangu. Njia ipo."

Nilitaka kusema.

Kisha wakaingia wakubwa, watatu, viatu vizuri. Chini ya mwanga ule wameona kila kitu. Miti ni mbao nyembamba, nyuma hazina rangi. Taa zimefungwa kwa plasta. Mkono wa kushoto wa bibi umeshikwa na waya, waya niliufunga mimi. Mmoja wao alimgusa nywele, zikabaki mkononi mwake. Hakucheka. Alimrudishia kichwani, akazipanga vizuri.

Fundi alipima mlango akasema chuma kimeharibika. Nikakubali. Ni cha zamani.

Jumatatu, 16 Septemba

Wameamua. Sisi.

Bosi Brenna kasoma kwa sauti ndogo. Wiki hii tumepata vichwa vichache kuliko mchezo wowote bustanini. Jumapili imefutwa, chuma kibovu. Jumba la Vioo halijawahi kupata watu kiasi hicho. Tunafunga mwisho wa Oktoba.

Nilikaa gatini peke yangu nikimngoja Royce aje kunicheka. Akaja. Akaniwekea nusu ya kuku wake kwenye karatasi, akakaa.

"Mke wangu nilimwomba uchumba kwenye mashua zako," akasema. "Pale kwa bibi. Sikuwahi kukwambia, ungenisumbua."

Nikasema kweli, ningemsumbua. Tukala.

Jumapili, 27 Oktoba

Siku ya mwisho. Sasa ndiyo wamekuja. Foleni imezunguka Jumba la Vioo, imepita kibanda cha limau, imefika hadi vyooni. Watoto, wazee, watu wenye fulana, watu wasiokuwa na fulana. Kadi zote nimezigusisha palepale. Bodi ilisoma kweli tupu na hakuna aliyeondoka.

Bi Maxine alichukua mashua ya mwisho. Akapapasa benchi, akasema kaa. Sheria hairuhusu. Nikakaa. Miaka yote hii nimesukuma mashua hizo, na kupanda nilipanda siku ya mafunzo tu.

Kwenye kona bibi akasema yake. Bi Maxine akamjibu kwa sauti ya chini, asante. Kisha akaniambia bila kugeuka kwamba hatanishtaki, itasaidia nini, lakini nisifanye tena. "Unanisikia, Berto? Zile kadi usizichezee tena."

Nikamwahidi. Nimeahidi kwa moyo wote. Tulipofika gatini hatukushuka upesi, na hakuna aliyetuharakisha.

Jumamosi, 6 Juni

Karibu miaka miwili sijaandika. Ufagio hauna habari. Jua, majani, vikombe, jua.

Leo Paka wa Anga wamefunguliwa. Bosi Brenna kanihurumia magoti, kanirudisha ndani. Siko gatini tena, maana hakuna gati, kuna chombo cha anga. Niko mwanzo wa foleni, natoa kadi nyekundu. Pana ubaridi. Paka wanalia kwa sauti nyembamba, hawafundishi mtu lugha.

Foleni imepita kwa Royce. Bodi mia na arobaini. Wakubwa walewale wamekuja, wamepeana mikono, wametabasamu mbele ya kamera. Yule aliyempanga bibi nywele hakuwepo. Bi Maxine karudi Ohio kwa binti yake. Aliniandikia wakati wa Krismasi, akauliza magoti.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda nafikiria ile mia na arobaini. Inaniuma. Kila anayeisoma anajua paka wanapendwa.

Lakini kadi naitoa mimi. Nikiacha kumpa anayeingia, nikampa aliyekaribia kabisa kupanda, mashine itadhani hajasubiri. Bodi itashuka mpaka tano. Bustani nzima, na simu zote, zitaona kwamba Paka wa Anga hawana mtu. Watu watapita na zao. Wakubwa watapata aibu, na labda watakumbuka walichobomoa.

Bi Maxine nilimwahidi, najua. Lakini siku ile tulizungumzia kupandisha. Kushusha hatukukugusia.

Kesho dakika tano. Tuone nani atakuja.